Mama Beji na Kisanduku cha Nakala

Kuna watu wakichoka hulala. Mama Beji akichoka huanza kukagua. Hukagua jiko kama gesi imefungwa, hukagua komeo la mlango wa nyuma, humuuliza mumewe kama amemeza dawa ya presha, hutazama simu kuona kama binti yake amefika kwake salama. Akimaliza hapo huzunguka nyumba nzima akichomoa plagi ukutani, chumba baada ya chumba, kwa sababu nyumba moja ya mtaa wa nyuma iliteketea kwa chaja ya simu, naye alipokwenda kutoa pole aliona godoro lililobaki springi tupu. Tangu siku ile haamini umeme ulioachwa macho watu wamelala.

"Ukimaliza huko uje unichomoe na mimi," mumewe humwambia kutoka kitandani.

"Wewe ungekuwa na plagi ningeshakuchomoa zamani," hujibu, na kuendelea na safari yake.

Hilo jina la Mama Beji hakulipata kwa mtoto. Alilipata kwa kazi. Katika chumba cha mbele, mahali ambapo watu wengine huweka makochi ya wageni, yeye ameweka cherehani ya kutarizi, meza ya kukatia, rafu ya nyuzi zilizopangwa kwa rangi, na kompyuta mpakato iliyokatika kona moja ya kifuniko. Sweta ya shule ikihitaji beji, yaani nembo, kifuani, shati la mlinzi likihitaji jina la kampuni begani, jezi ya timu ikihitaji simba, watu huja kwake. Shule aliiacha mapema, darasa la saba hilo hilo, lakini alikaa miaka mingi karibu na tajiri wake wa zamani, fundi wa kutarizi, akimwangalia anavyofanya, na jicho lake halikuwa la kupumzika.

Kazi yenyewe iko hivi. Cherehani ile hushona peke yake, ila haijui kitu mpaka iambiwe. Mama Beji huchora nembo kwenye kompyuta, mshono kwa mshono: sindano ianzie wapi, uzi ulale upande gani, rangi ipi itangulie ili isifunikwe na nyingine. Kisha mchoro huhamishwa kwa flashi na kuchomekwa kwenye cherehani. Mchoro mmoja mzuri humla siku kadhaa na nusu ya macho. Lakini ukishakuwepo, upo. Shule ikirudi mwakani na sweta mpya, ni kuufungua tu na kushona. Kwa hiyo michoro ile ndiyo iliyokuwa shamba lake. Cherehani ilikuwa jembe, na jembe hununuliwa jingine.

Ndiyo maana kompyuta ilipoanza kuganda katikati ya kazi, moyo nao uliganda. Alikuwa anamjua fundi mwenzake wa upande wa sokoni aliyeibiwa kompyuta dirishani. Mwanamke yule alikuwa na wateja wa shule nzima nzima. Sasa anapunguza urefu wa suruali na kubadilisha zipu, na ukimuuliza habari anasema nzuri huku anatazama chini.

Jumapili moja, binti yake alipokuja kuwasalimu, Mama Beji alilitoa lile jambo mezani.

"Nataka michoro yangu iwe na pacha wake," alisema. "Hii kompyuta ikifa leo, mimi kesho nakuwa nani?"

"Weka kwenye flashi," mumewe alisema. Alikuwa dereva wa lori la maji, magoti yameisha, na majibu yake siku hizi yalikuwa mafupi kama safari zake.

"Flashi gani? Ile uliyoifua ndani ya suruali?"

"Niliifua mimi? Nguo unafua wewe."

"Basi nani aliiacha mfukoni?"

Binti alicheka. Yeye alikuwa karani ofisini, na ofisini kwao kila kitu kilihifadhiwa mtandaoni. "Mama, siku hizi watu hawahangaiki. Unajisajili, unalipia kila mwezi, vitu vyako vinakwenda huko vyenyewe. Hata nyumba ikiungua, viko salama."

Mama Beji alilipenda lile neno la nyumba kuungua. Akauliza, "Huko ni wapi?"

"Kwenye kompyuta za kampuni. Mbali."

"Kampuni ya nani?"

"Mama, ya watu tu."

"Sasa watu nisiowajua wakae na kazi yangu, na mwezi nikikosa pesa wanifungie mlango. Hata mwenye nyumba nimemzoea, nikichelewa nampigia. Hawa nitampigia nani?"

"Na neno la siri usilisahau," binti aliongeza, maana alimjua mama yake.

Hapo mama alichoka kabisa. Si kwamba alikuwa msahaulifu. Alikuwa amejaa. Kichwani mwake mlikuwa na dawa za mumewe, ada ya mpwa wao, mita ya maji, siku za wateja, kipimo cha kifua cha kila mlinzi wa kampuni ya ulinzi. Neno la siri lingekwenda kukaa wapi?

Akaenda dukani kwa mdogo wa mumewe. Shemeji huyu alikuwa fundi wa kompyuta, na duka lake lilikuwa upenyo tu kati ya duka la viatu na kinyozi. Mtu akitaka kuingia, mwingine lazima atoke. Alikuwa mwembamba na mwenye maneno.

"Karibu shemeji. Leo umekuja kunitazama au kunidai?"

"Nikikudai utalipa?"

"Basi umekuja kunitazama."

Akampisha kwenye kiti, yeye akasimama. Mama Beji akamweleza shida yake, na shemeji, kwa kuwa utani ulikuwa umekwisha, alisikiliza vizuri. Akatoa diski ya nje, nyeusi, saizi ya kitabu cha sala. Hii, alisema, unaichomeka kwenye kompyuta, unanakili, unaiweka kabatini.

"Nani ananakili?"

"Wewe."

"Kila siku?"

"Kila ukifanya kazi mpya."

"Nisipokumbuka?"

"Usipokumbuka, ni shauri yako."

Mama Beji aliirudisha juu ya kaunta taratibu. Ndipo shemeji alipoinama chini akaibuka na kisanduku cheupe, kikubwa kidogo kuliko toasta ya mkate. Ndani kilikuwa na diski mbili zinazobeba kitu kile kile. Moja ikifa, ya pili inabaki na kila kitu. Kisanduku hukaa nyumbani, huunganishwa kwa waya na ruta ya intaneti, na kompyuta hukipelekea nakala kwa waifai bila kuguswa. Pesa unalipa mara moja, na hakuna kampuni ya mwezi kwa mwezi.

"Wezi je? Wakibeba kompyuta?"

"Kisanduku tunakificha. Weka juu ya kabati la nguo, nani atakitafuta huko?"

"Na moto?"

Shemeji alikuna shingo. "Kwa moto sitakudanganya. Moto ukipita hapo, umepita na vyote. Ndiyo maana baadaye utafute nakala ya tatu, ikae kwa binti yako. Lakini uanze na hii. Uzuri wake ni kwamba haikuhitaji wewe. Ukishaiwasha, inakumbuka yenyewe."

Neno hilo ndilo lililomnunua. Katika nyumba ile, tangu aolewe, hapakuwa na kitu kilichokumbuka chenyewe. Hata mumewe alihitaji kukumbushwa kwamba ana miadi hospitali. Mama Beji alikitazama kile kisanduku kama mtu anavyomtazama msichana wa kazi aliyeambiwa kuwa ni mwaminifu. Alilipa nusu, nyingine akaahidi kumtarizia shemeji sare za duka, ingawa duka lilikuwa na mtu mmoja.

Siku ya kukifunga, shemeji alipanda juu ya kiti chumbani, akakiweka juu ya kabati, akapitisha waya nyuma ya pazia mpaka kwenye ruta. Siku hiyo hiyo akanakili michoro yote iliyokuwepo. Halafu akapanga nakala ziwe zinakwenda usiku wa manane, kila siku, ili mchana kompyuta isilemewe na kazi mbili.

"Wewe kazi yako moja tu," alimwambia Mama Beji. "Ukilala, kompyuta usiizime. Iache wazi mezani."

"Nimekusikia."

"Nitapita baada ya wiki kuangalia."

"Karibu sana."

Na Mama Beji, kama alivyoambiwa, hakuizima kompyuta hata mara moja. Kila akimaliza kazi aliiacha wazi mezani, skrini imefifia, ikijitegemea kwa betri yake. Kisha alifanya mzunguko wake wa siku zote. Alichomoa pasi, alichomoa redio, alichomoa chaja za simu. Alichomoa ruta. Akaingia chumbani, akanyoosha mkono nyuma ya kabati, akachomoa na kisanduku, kwa upole zaidi kuliko vitu vingine, maana hicho kilikuwa cha thamani na hakutaka umeme ukiunguze. Asubuhi alivichomeka vyote tena. Kisanduku kilipepesa taa zake za kijani, naye akashukuru.

Wakati ulipita namna hiyo. Mvua zilinyesha zikaisha. Pembeni mwa skrini kulikuwa na kialama chekundu ambacho hapo mwanzo hakikuwepo. Alikiona, maana hakuna alichokuwa hakioni, lakini hakukipa uzito. Simu yake nayo ilikuwa na vialama vyekundu kila mahali, na mita ya umeme ilikuwa na chake. Kama mtu angesimama kujibu kila kialama chekundu cha dunia hii, angepika saa ngapi? Shemeji naye hakupita baada ya wiki. Wala baada ya mwezi.

Miezi hiyo ilikuwa ya kazi nyingi. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya chuo cha wauguzi, ambacho kilibadilisha nembo: korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, wa pili umeshika taa. Yule korongo alimtoa jasho. Manyoya ya bawa yalitaka uzi ulale mshazari, kila unyoya na mwelekeo wake, vinginevyo ndege anaonekana kama kuku aliyenyeshewa. Alimchora, akamfuta, akamchora tena. Mwishowe alishona sampuli moja, bwana stoo wa chuo akaikubali na kubaki nayo. Sweta zenyewe zingeletwa wanafunzi wapya wakikaribia kuingia.

Sweta zikaletwa, marobota kwa marobota. Na asubuhi aliyofungua kompyuta ili aanze, ilitoa mlio mkavu ndani, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha, kisha skrini ikawa nyeusi na haikurudi.

Mumewe ndiye aliyeshtuka. Mama Beji alitulia. Kwa mara ya kwanza tangu azijue shida, alikuwa amezitangulia. Akampigia shemeji akamwambia alete kompyuta ya kuazima, na wakati wa kumsubiri alikunja sweta, akatafuta uzi wa kijivu wa korongo, na hata akakaa kidogo.

Shemeji alikuja, akaiweka kompyuta mezani, akaiunganisha na kisanduku. Akafungua. Akanyamaza. Mtu mwenye maneno akinyamaza, nyumba nzima husikia.

"Shemeji," alisema, "mchoro wako wa mwisho ni upi?"

"Korongo."

"Hapa wa mwisho ni simba wa jezi."

"Simba ni wa zamani. Huyo ulimnakili wewe mwenyewe siku ya kukifunga."

"Ndiyo. Na baada ya hapo hakuna kitu." Akateremsha ukurasa, akasoma. "Kila usiku kompyuta imekitafuta kisanduku. Kila usiku haikukipata. Mchana kipo, usiku hakipo. Usiku kinakwenda wapi?"

Mume alikohoa. Alitazama dari, akatazama magoti yake, akamtazama mkewe kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Usiku kinachomolewa," alisema.

"Kinachomolewa na nani?"

Jibu lilikuwa limesimama katikati ya chumba na rola ya uzi wa kijivu mkononi.

"Uliniambia nisizime kompyuta," Mama Beji alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikuizima."

"Nilikuambia."

"Hukuniambia kisanduku."

"Shemeji, nani ananunua mlinzi wa usiku, giza likiingia anamfungia stoo?"

"Na wewe ulisema utapita baada ya wiki."

Shemeji aliufunga ule ukurasa. "Nilisema," akakiri. "Sikupita. Hapo umenishika."

Kompyuta iliyokufa aliichukua kujaribu, na siku ya pili akaleta habari kwamba diski imekwaruzika ndani, asitegemee kitu. Michoro ya zamani yote ilikuwa salama. Kwa hilo mumewe alimtaka ashukuru. Alishukuru. Lakini michoro ya miezi ile yote haikuwepo, na flashi ya cherehani nayo ilikuwa tupu, kwa sababu cherehani yake ya zamani huchanganyikiwa ikikuta michoro mingi, hivyo kila kazi ikiisha yeye huifuta flashi kabla ya kuweka nyingine. Picha ya korongo ilikuwepo kwenye simu. Picha haioneshi uzi umelala upande gani.

Akapiga moyo konde akaenda chuoni kuomba sampuli aliyoitengeneza mwenyewe. Njiani alipanga uongo wa namna tatu, na alipofika hakuukumbuka hata mmoja.

"Umekuja kuazima beji yako mwenyewe?" bwana stoo aliuliza. Alikuwa mzee wa miwani aliyefunga funguo kiunoni kwa kamba ya kiatu.

"Nimepoteza mchoro, kaka. Nataka nimwone tena yule ndege nimchore upya."

"Wanafunzi wanaingia lini, unajua?"

"Najua."

"Na sweta ziko kwako."

"Ziko kwangu."

Alimtazama juu ya miwani. Angeweza kuzirudisha sweta na kumpa fundi mwingine, na wote wawili walilijua hilo. Akavuta droo, akatoa korongo. "Nikiona kijitundu kimoja, nakukata malipo," alisema. "Na uniandikie jina hapa kwamba umemchukua. Mimi siamini mtu, hata mwenye ndege."

Kwa siku zilizofuata Mama Beji alikaa na ile beji chini ya taa ya meza, lenzi ya kusomea ya mumewe mkononi, akifuata uzi kwa ncha ya sindano. Unyoya huu unalala kushoto. Huu unapinda. Hapa alikuwa ameruka mshono, na alikumbuka hata sababu: simu ya binti ilikuwa imelia. Kuchora mara ya kwanza kuna tamaa ya kuona kitakachotokea. Kuchora mara ya pili ni kazi tupu, kama kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Mumewe alipika, akaunguza, wakala. Binti alipiga simu kila jioni na hakulitaja la mtandaoni, na mama alijua kwamba analinyamazia kwa makusudi.

Korongo alipokamilika, shemeji aliitwa. Safari hii alikuja mara moja.

"Tubadilishe saa," alisema. "Usiku wewe chomoa utakavyo, siwezi kushindana na wewe. Kompyuta hukaa bure wakati gani mchana?"

Mama Beji alifikiri. "Cherehani ikishashika kazi. Hapo nakata nyuzi kwa mkono, kompyuta siigusi."

"Saa za adhuhuri?"

"Adhuhuri."

Akapanga. Wakasubiri pamoja. Kisanduku juu ya kabati kilianza kunguruma kidogo, kikanyamaza, na kwenye skrini kialama kikawa cha kijani. Shemeji akakung'uta suruali, tayari kuaga. "Sasa kipo ndani. Nakuapia."

"Usiniapie. Nionyeshe kinavyorudi."

"Sawa. Futa kitu kidogo, tukirudishe. Huyu hapa, herufi za majaribio."

Mama Beji alivuta kiti mbele ya kompyuta. Akamweka korongo kwenye alama ya kufuta.

"Shemeji, si huyo," mdogo wa mumewe alisema haraka. "Futa kisicho na maana."

"Kisicho na maana kikirudi kitaniambia nini?"

"Mama," mumewe aliita kutoka mlangoni, mwiko mkononi. "Siku zote hizo umekaa hapo. Mwonee huruma huyo ndege."

"Nikimwonea huruma sitajua."

Akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Hakuwa na hakika, ila alibonyeza tena, akaenda mpaka kwenye pipa la takataka la kompyuta, akalimwaga na lenyewe, kama mtu anayejua ubishi wake mwenyewe. Korongo hakuwepo. Mume aliweka mwiko juu ya robota la sweta, jambo ambalo siku nyingine lingezua kesi.

"Sasa usiguse wewe," Mama Beji alimwambia shemeji. "Niambie tu kwa mdomo."

Akamwambia kwa mdomo. Fungua hapa. Chagua siku ya leo. Hapana, juu yake. Bonyeza hapo palipoandikwa rudisha. Vidole vyake vilikuwa vizito na alikosea mara moja, akarudi nyuma, akafuata tena. Mstari mwembamba ulitambaa kwenye skrini kuelekea mwisho wake.

Korongo akarudi.

Mama Beji hakufurahi. Alimfungua, akamkuza mpaka manyoya yakajaa skrini, akayapitia bawa zima kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa. Kisha akachomeka flashi, akamhamisha, akaipeleka kwenye cherehani na kunyoosha kitambaa kwenye fremu. Sindano ikashuka, ikaanza kwenye mguu uliosimama.

"Utakuja mwezi ujao," alimwambia shemeji bila kugeuka, "nifute kingine."

"Nitakuja."

"Na diski ile nyeusi ya kwanza, nitunzie. Nataka nakala ikae kwa mwanangu."

"Kuhusu malipo—"

"Utanitajia nikimaliza sweta. Sasa sina kichwa."

Alivuta robota la kwanza miguuni, akatoa mwiko wa mumewe juu yake, akamrudishia bila maneno, na kuanza kufungua vifungo vya sweta ya juu.